Upupu Nilioukana Mbele za Watu

Ukiwashwa na upupu, usikimbilie maji. Naanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu huenda kati yenu yupo anayejikuna hivi sasa, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya salamu. Maji yanausambaza na kucha zinauzamisha. Tafuta ugali mgumu, ufinyange ukiwa bado una joto mpaka unate, kisha bandika na kubandua pale panapowasha, bandika na kubandua, bila kusugua. Vile vinyweleo vitatoka na ugali. Ukimaliza, jipake mafuta. Ugali huo usiule, na kuku usiwape. Ufukie.

Haya. Wengine hamjambo.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Kwenye karatasi za halmashauri nilikuwa afisa ugani, lakini miaka yote niliyozunguka Iramba na baadaye Ikungi, mkulima aliniita afisa pale tu alipokuwa amenikasirikia. Nikisikia "ofisa, karibu," nilijua kuna mahindi yamekufa mahali. Ninyi mlioajiriwa juzi mna pikipiki, na mna simu inayopiga picha jani likakutajia ugonjwa wake. Sisi tulikuwa na baiskeli na daftari. Siwaonei wivu. Labda kidogo, ile pikipiki.

Nimeombwa niwaandikie kuhusu kazi, na nimefikiri sana niwaambie nini. Mafanikio yangu mtayakuta kwenye taarifa, tena yameongezwa chumvi na mimi mwenyewe. Bora niwaambie siku niliyomfanya mgeni rasmi ajikune.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Kinampanda, na aliyenipokea ni bwana shamba mzee aliyeitwa Elia. Bwana Elia alikuwa mwembamba, mpole, na alivaa kofia moja kwa miaka yote niliyomfahamu. Mengi ninayoyajua ni yake. Ndiye aliyenifundisha kujaribu mbegu kabla ya kuigawa: chukua mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, uzilaze mahali pa joto siku tano, uhesabu zilizoota. Zikiota nne, usimpe mkulima mbegu hiyo hata kama imetoka kwa malaika. Ndiye aliyenifundisha pia kwamba ukifika kwa mtu, usianze na shamba. Anza na wagonjwa, kisha mifugo, kisha mvua. Shamba litakuja lenyewe.

Lakini Bwana Elia alinifundisha jambo moja la makosa, nami nikalishika kuliko yote.

Siku hiyo tulikuwa tumeletewa gunia la mbegu za mukuna. Kama hamjaiona, mukuna ni mmea wa jamii ya kunde, unatambaa na kupanda kila unachokikuta, mti, ua, hata jembe ukilisahau shambani wiki mbili. Unafunika ardhi mpaka magugu yanakosa mwanga. Mizizi yake inarutubisha udongo, na majani, ambayo mbuzi huyapenda, yakianguka yanaoza na kuwa mbolea. Mbegu zake ni kubwa, laini, zinang'aa kama vifungo vya koti. Ni mmea mzuri. Tatizo lake ni ukoo. Mukuna na upupu wa porini ni watoto wa tumbo moja. Mmoja alizaliwa na hasira, mwingine akazaliwa mpole, lakini sura ni ile ile: majani matatu matatu, maua ya zambarau yanayoning'inia, maganda yaliyojikunja.

Bwana Elia alifunga mlango wa ofisi, akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba mbegu zinasikia.

"Binti yangu, neno upupu usilitaje. Mkulima akilisikia, umemaliza kazi. Sema mukuna. Jina la kitabuni halimtishi mtu."

"Na wakiuliza kama ni upupu?"

"Wewe sema ni zao la kurutubisha ardhi. Kisha uliza habari za ng'ombe."

Nikaandika kwenye daftari.

Niseme na hili la kahawa, maana nisipolisema mtalisikia kwa wengine. Mahali fulani Bwana Elia alisoma kwamba mbegu za mukuna zikikaangwa na kusagwa zinatoa kinywaji kama kahawa. Akazikaanga. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Mimi nilionja funda moja, nikakumbuka kwamba nina shughuli nje. Yeye alikunywa vikombe vitatu, akasifu, akapanda baiskeli kwenda kwenye mkutano, na dakika kumi baadaye nilimwona akirudi kwa miguu, baiskeli ameiacha njiani, kofia ameshika mkononi. Alitapika mpaka alasiri. Alipopata nguvu ya kusema, aliniambia, "Andika: wakulima wasishauriwe." Basi nami nawaambia. Mbegu hizo zina dawa kali ndani yake. Wapo wanaozijua namna ya kuzichemsha na kumwaga maji mara nyingi, lakini wewe huna haja ya kuwa mmoja wao. Tuna maharage.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa Ikungi, upande wa Sepuka. Kijiji chenyewe sikitaji, kwa sababu waliokaa benchi la mbele siku ile wana wajukuu. Mimi ni Mnyiramba na pale ni kwa Wanyaturu, kwa hiyo mwezi wa kwanza waliniongelea mbele yangu kwa kilugha wakidhani sielewi. Nilikuwa naelewa nusu. Nusu hiyo ilinitosha kujua kwamba walikuwa wananiona mnene kwa baiskeli ile.

Udongo wao ulikuwa umechoka. Mtama ulitoka mwembamba, wa njano, kama mtu aliyetoka malaria. Nikasema hapa ndipo mahali pa mukuna. Nikatafuta mkulima wa kunipa shamba darasa, kipande cha kuonyeshea wenzake, na aliyekubali ni Mama Neema. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwenye watoto wanne. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya kuchimba visima huko mbali na kurudi mara moja moja. Alikuwa na ekari mbili. Akanikatia nusu ekari.

Msipite haraka hapo. Nusu ekari kwa mtu mwenye ekari mbili ni mtama ambao watoto hawataula mwaka huo. Mimi mshahara wangu ulikuwa unaingia mukuna iote isiote. Aliyeweka kitu mezani alikuwa yeye.

Mvua za Desemba zikaja, tukapanda. Kufikia Machi shamba lilikuwa kama mkeka wa kijani. Hapo ndipo alipokuja Mzee Hamisi. Huyu alikuwa mfugaji wa mbuzi, jirani wa Mama Neema kwa upande wa korongo, mwenye kipara kilichong'aa na fimbo ambayo sikuwahi kuiona imelala chini. Alisimama pembeni ya shamba muda mrefu akiyatazama majani.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Bibi shamba, umetupandia nini hapa?"

"Ni mukuna, mzee. Zao la kurutubisha ardhi."

"Mukuna."

"Ndiyo, mzee. Ng'ombe hawajambo?"

"Sina ng'ombe, nina mbuzi." Akainama, akageuza jani kwa ncha ya fimbo. "Majani matatu matatu. Mimi nimechunga tangu sijaota meno ya pili. Huu kwetu ni upupu."

"Hapana, mzee. Upupu ni mwingine."

"Ndugu yake?"

Vijana, mlango ulikuwa wazi hapo. Ningesema tu, "Ndiyo, mzee, ni ndugu yake, ila huyu hawashi, na nitakuonyesha namna ya kuwatofautisha," tungemaliza. Lakini nilimsikia Bwana Elia kichwani.

"Hata hawafahamiani," nikasema.

Mzee Hamisi akanitazama kwa huruma, akaondoka. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimelipata neno hilo. Nikipita dukani, mtu anamwuliza mwenzake, "Huyu na mdogo wake vipi?" na mwenzake anajibu, "Hata hawafahamiani." Watu wanacheka, mimi nacheka nao, kumbe nachekwa.

Aprili, maganda yakaanza. Mama Neema alikuwa anapalilia mtama wake, akaniita.

"Bibi shamba, ule wa kwenye kona, pale korongoni, ulipanda wewe?"

"Umetokea humu humu, umetambaa mpaka pale."

"Maganda yake yana rangi ya kutu. Yanang'aa. Haya mengine yana kijivu, kama vumbi la unga."

"Mama Neema, mbegu moja inaweza kutoa sura mbili. Hata watoto wako hawafanani."

"Watoto wangu wanafanana sana," akasema, akarudi kwenye jembe.

Sikwenda kuangalia kona. Ilikuwa hatua sitini tu. Nimewahi kupanda baiskeli kilomita ishirini kwenda kutazama mdudu mmoja, na hatua sitini zikanishinda kwa sababu aliyeniambia hakuwa na cheti.

Mwezi Mei mambo yakachacha. Mama mmoja alikwenda kuchanja kuni porini, akawashwa mpaka akavimba macho. Upupu wa porini umekuwepo porini siku zote, lakini safari hii ulikuwa na mwenyewe: mimi. Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Mzee Hamisi akasema kwa utaratibu kwamba hakuna mtu anayefuga nyoka kwa kuambiwa huyu ana adabu. Watu wakaitikia. Mtendaji wa kijiji, kijana nadhifu mwenye kutunza kumbukumbu, akanigeukia.

"Bibi shamba, una siku ya shamba darasa Jumatano, na kuna mgeni rasmi kutoka wilayani. Akiridhika, libaki. Asiporidhika, Ijumaa linang'olewa na kuchomwa."

Tulirudi pamoja na Mama Neema. Tulipofika kwake akasema, "Wakiling'oa sasa, nimekosa mtama na nimekosa hiyo mbolea yako. Nitakuwa nimekosa mara mbili." Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana sikulala vizuri mpaka Jumatano.

Nikaamua nitafanya jambo ambalo halitabishiwa. Nitachuma ganda mbele ya watu wote na kujisugua nalo mwenyewe.

Jumatano ikafika. Turubai likafungwa, mabenchi yakaazimwa shuleni, kwaya ikaimba, ugali wa watu sitini ukawa unasongwa nyuma ya nyumba. Na upepo ulikuwepo. Upepo wa Singida hauhitaji utambulisho. Wataalamu wamekuja kuupima mara nyingi, na kila wakija unawavua kofia. Benchi la mbele alikaa mgeni rasmi, baba mwenye suti ya kijivu na heshima zake, akafuatia diwani, kisha mtendaji na kitabu chake. Mzee Hamisi alikaa pembeni kabisa, upande upepo unakotokea. Sidhani kama ilikuwa bahati. Mchungaji wa mbuzi hakai hovyo.

Nikashika kipaza sauti. Nilisema vizuri, kama kawaida ya mtu anayekaribia kuanguka. Nikaeleza udongo, nikaeleza mizizi. Kisha nikasema, "Ndugu zangu, yamesemwa mengi. Mimi leo sitasema, nitaonyesha."

Waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi. Ukaishia kwenye kona ya korongo, na pale kulikuwa na maganda makubwa, yaliyokauka vizuri, yenye rangi ya kupendeza. Nikachuma moja. Nikajisugua nalo mkononi, kutoka kiwiko mpaka kiganja. Nikajisugua shavuni. Na kwa kuwa sikutaka wa nyuma wakose kuona, nikaliinua juu na kulikung'uta.

"Mnaona?" nikasema.

Kwa pumzi tatu hivi sikusikia kitu. Nikatabasamu. Kisha shavu langu likaanza kama limeguswa na siafu mmoja, wakawa wawili, wakawa kichuguu. Mkono ukafuata. Nilijitahidi kuendelea kutabasamu, na niliambiwa baadaye kwamba tabasamu hilo ndilo lililowaogopesha watoto.

Lakini vile vinyweleo nilivyovikung'uta havikuanguka chini. Upepo uliviokota na kuvipeleka benchi la mbele.

Mgeni rasmi aliweka tai yake sawa. Akaiweka sawa tena. Akatia kidole kwenye ukosi wa shati, taratibu, kama mtu anayetafuta nauli aliyoificha. Diwani alikuwa ameanza kujisugua mgongo kwenye benchi huku akitikisa kichwa kana kwamba anakubaliana na hotuba. Mtendaji alishika kitabu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili haukuwa na mpango tena. Kwaya ilikuwa kimya. Na katika ukimya huo nikasikia sauti ya mama mmoja kutoka nyuma, akasema polepole tu:

"Sasa wamefahamiana."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena, hata harusini.

Mtu akaleta ndoo ya maji. Mgeni rasmi akainuka kuifuata. Hapo ndipo Mama Neema, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alipotokea nyuma ya nyumba na sufuria kubwa ya ugali.

"Maji wekeni chini," akasema. "Baba, kaa."

Mgeni rasmi wa wilaya akakaa. Mama Neema akamega tonge, akalifinyanga, akambandika shingoni na kulibandua. Akambandika tena. Akina mama wengine wakaja na sufuria zao, wakagawana waathirika: huyu diwani, huyu mtendaji, huyu bibi shamba. Nilikaa chini ya turubai nikipigwapigwa matonge shavuni kama mtoto anayepakwa unga. Mgeni rasmi alikuwa amefumba macho. Baada ya muda akasema kwa sauti ya unyenyekevu, "Na hapa nyuma ya sikio, mama."

Ugali wote wa watu sitini ulikwisha kwa namna hiyo.

Maumivu yalipopungua, mtendaji akainuka, makombo ya ugali yakiwa kwenye nyusi. Akasema hana sababu ya kungoja Ijumaa. Shamba ling'olewe leo. Mtu mwenye tonge shavuni hana hoja.

Mzee Hamisi akasimama. Nikajua sasa amekuja kupigilia msumari.

"Bibi shamba," akasema, "ganda ulilotumia umelichuma wapi?"

"Pale, mzee. Kwenye kona."

Akaenda mpaka kona. Akaingiza ncha ya fimbo chini ya ule mmea, akaanza kuufuata, taratibu, bila kuugusa kwa mkono, akiinua jani hili na lile. Watu wakasogea nyuma yake, kwa mbali. Ulikuwa umepita juu ya ua wa miba, ukashuka upande wa pili, ukazunguka jiwe, ukateremka korongoni. Mzee akateremka nao. Tukakiona kipara chake tu. Kisha akaita kutoka chini.

"Shina lake liko huku. Nene kama kidole gumba. Huu una miaka mingi kuliko bibi shamba hapa kijijini."

Akapanda, akajipangusa magoti. Akaingia katikati ya shamba, mahali ambapo tulipanda kwa mstari, akachuma ganda la kijivu. Akatutazama mmoja mmoja. Akajisugua nalo kipara chote, mbele mpaka kisogoni.

Tukangoja. Hata upepo nadhani ulingoja. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akaendelea kusimama.

"Haujawasha," akasema.

"Sasa mimi niandike nini kwenye muhtasari?" akauliza mtendaji.

"Andika hivi: mwenyeji ndiye aliyewasha, mgeni akasingiziwa." Kisha akanigeukia. "Lakini ni ndugu, bibi shamba. Usituambie hawafahamiani. Sisi tuna macho."

"Ni ndugu, mzee," nikasema. "Nilikosea."

Mgeni rasmi alijikung'uta makombo kwenye suti, akasema, "Libaki." Ndiyo hotuba yake yote. Kisha tukala kuku na mchuzi bila ugali, tukinywa kwenye bakuli, na ilikuwa mara ya kwanza shughuli ya serikali pale kijijini kumalizika mapema.

Kumbe kuna aliyekuwa anarekodi kwa simu, na video ilifika halmashauri kabla yangu. Mkuu wangu alinipigia simu saa kumi na moja, akakohoa kwanza, akasema, "Nasikia mmebuni matumizi mapya ya nafaka." Sikuadhibiwa. Nilicheza kwenye simu za watu kwa mwezi mzima, na hiyo ilitosha.

Lakini aliyebaki alikuwa Mama Neema. Wageni walipoondoka nilimkuta anaosha sufuria. Nikachuchumaa nikaanza kumsaidia.

"Ulinambia," nikasema. "Kuhusu ile kona."

"Nilikwambia."

"Nikakujibu vibaya kuhusu watoto."

Akasugua sufuria. "Umeniita mama tangu mwaka jana," akasema. "Nikadhani ukiniita mama, nikisema utasikia."

Nikasema naomba unisamehe, mama. Akaniambia kesho nije na jembe, tena alfajiri.

Alfajiri hiyo, tukiung'oa ule wa korongoni, nikajifunza jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu changu chochote. Upupu hung'olewa kukiwa na umande, maana vinyweleo vikilowa vinalala na havirushwi na upepo. Vaa mikono mirefu, jifunge kitambaa, simama upande unakotoka upepo. Kata shina kwanza, acha mmea unyauke pale pale, usiuburute. Na ukiweza, ukate ukiwa kwenye maua, kabla haujawa na maganda kabisa. Mama Neema alikuwa anayajua yote hayo. Sikuwa nimemwuliza.

Msimu uliofuata tukapanda mtama mahali palipokuwa na mukuna. Sitawapa hesabu. Nitasema tu kwamba watu waliokuwa wanapita njia ya juu walianza kupita njia ya chini, ili wauone bila kuonekana wamekuja kuuona. Ulikuwa wa kijani kilichokolea, masuke yameinama. Wala msidhani mukuna inafaa kila mahali. Kwenye mashamba ya mchanga kule juu, mvua ikikatika mapema, mukuna inakunyima, na pale kunde itakufaa zaidi. Mwambieni mkulima yote mawili.

Baada ya mavuno nilitangaza mkutanoni kwamba mbegu ipo kwa anayetaka. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mtendaji akaandika: wananchi wamekataa. Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea.

Mwaka mmoja na zaidi ukapita, nami nikawa na vijiji vingine vitatu. Siku moja ya Machi nikarudi pale kwa ajili ya msiba wa shangazi yake Mama Neema. Baiskeli ilikuwa imepata pancha, kwa hiyo nikatembea kwa miguu kukatiza kijiji, kwa njia za nyuma ya nyumba ambazo bibi shamba huwa hapitishwi. Nyuma ya nyumba ya mtendaji nikaona majani matatu matatu, yamefunika kipande chake cha shamba chote. Nikadhani macho yananidanganya. Nyuma ya kwa mama aliyewashwa porini, yamepanda kwenye ua. Nyuma ya kwa mwenye duka, vivyo hivyo. Nyumba baada ya nyumba, maua ya zambarau yananing'inia. Nilimwuliza Mama Neema huko msibani, kwa kunong'ona, akaniambia kwamba walikuja kwake mmoja mmoja kuomba mbegu, na kila mmoja alimwapisha asimwambie mtu.

Wakati wa kurudi nikapita kwa Mzee Hamisi. Alinisikia kabla sijafika, akatoka haraka, akasimama mbele ya ua wake na kufungua koti kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga. Juu ya bega lake mmea ulikuwa umechungulia, na ua moja la zambarau lilikuwa limemlalia karibu na sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unapita?"

"Napita tu, mzee. Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Wamenenepa mwaka huu, hata sijui ni kwa nini."

"Mungu mkubwa, mzee," nikasema, nikaenda zangu.